Fomu ya pili ya chuo cha udaktari imebaki mkononi hadi Novemba: niikamilishe au niiache?

Zuhura_Maabara:

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliowahi kuomba nafasi katika vyuo vya udaktari vya Marekani, kwa kuwa nimebakiwa na uamuzi mmoja ambao nimeshindwa kuufikia peke yangu.

Fomu ya awali niliituma kupitia AMCAS, mfumo mmoja wa kuomba vyuo vingi vya udaktari kwa pamoja, mwezi Juni, ikahakikiwa Julai, na tangu hapo vyuo vikawa vinanitumia fomu za pili, yaani zile za chuo chenyewe zenye insha na ada yake, kimoja baada ya kingine. Nyingi nilizirudisha ndani ya wiki mbili au tatu. Iliyobaki ni ya chuo kimoja cha umma kilicho nje ya jimbo ninaloishi. Mimi ni mkaazi wa Minnesota, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Fomu hiyo ilifika mwanzoni mwa Agosti, lakini wakati huo nilikuwa nimekwisha kujiandikisha kurudia MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, mwezi Septemba, na mshauri wa chuo nilichosomea shahada ya kwanza alinielekeza nisilipie ada yao hadi alama mpya zitoke, kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa chini ya kiwango cha wanafunzi wanaochaguliwa pale. Alama mpya zilitoka katikati ya Oktoba. Zimepanda kutoka 505 hadi 511, ingawa sehemu ya CARS, yaani ile ya kusoma na kuchambua matini, imeganda palepale kwenye 125.

Sasa tuko katikati ya Novemba. Tovuti ya chuo inasema mwisho wa kupokea fomu ya pili ni siku ya mwisho ya Desemba, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni sijachelewa. Ada ni dola 100. Insha ni nne, na mojawapo ni ile ya kueleza kwa nini nimechagua chuo chao. Wanahitaji pia matokeo ya mtihani wa Casper, ule wa kupima maamuzi na tabia ya mwombaji, ambao sijaufanya kwa kuwa vyuo vingine nilivyoomba havikuutaka. Mpaka leo sijapata mwaliko wowote wa usaili, na nakiri kwamba hali hiyo ndiyo inayonisukuma nitake kukamilisha kila kilicho mbele yangu.

Ninachotaka kujua ni kama fomu inayokamilika sasa husomwa kwa uzito uleule wa zile za Agosti, na kama kuiacha kutanisaidia au kutanidhuru iwapo itanibidi kuomba tena mwakani.

Kaka_wa_Wadi:

Dada Zuhura, nilipokuwa mwaka wa nne nilipewa kazi ya kusoma majalada ya waombaji pamoja na kamati ya udahili ya chuo nilichosoma, hivyo nitakueleza jalada la Novemba linavyoonekana kwa wale wanaolifungua.

Tarehe ya ukomo iliyoandikwa kwenye tovuti haikwambii mengi. Vyuo vingi vinavyotoa MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka zaidi, husoma maombi, huita watu kwenye usaili na kugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia, bila kusubiri dirisha lifungwe. Taratibu za AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, zinaruhusu vyuo kuanza kutoa nafasi za kawaida kuanzia Oktoba 15, na zinavitaka kufikia Machi 15 viwe vimetoa nafasi zisizopungua idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza vitakaowapokea. Anayekamilisha Novemba hakuti mlango umefungwa. Anakuta viti vya mbele vimekwisha kukaliwa. Vipo vyuo vichache ambavyo husaili kwanza waombaji wote na kutangaza matokeo kwa pamoja mwishoni mwa msimu, na kwa vyuo hivyo kuchelewa hakuna madhara makubwa kiasi hicho, ingawa hata huko nafasi za usaili zina idadi yake.

Katika mfumo tuliokuwa tukiutumia, juu ya kila jalada kulikuwa na tarehe tatu: siku fomu ya awali ilipotufikia, siku fomu ya pili ilipolipiwa, na siku jalada lilipokamilika. Tuliyoitazama ni hiyo ya tatu. Mtu angeweza kuwa amelipa Agosti, lakini barua yake moja ya mapendekezo ikaingia Novemba, na kwetu akahesabika kuwa mtu wa Novemba. Sikumbuki mjumbe yeyote kumpunguzia mtu alama kwa sababu ya kuchelewa, na hakuna aliyetaka kujua sababu. Jalada liliwekwa tu nyuma ya mengine yaliyotangulia, mengi yakiwa na sifa zinazolingana nalo, na zamu yake ilipofika tarehe za usaili zilizobaki zilikuwa chache, kwa hiyo msomaji alilazimika kuwa mchaguzi zaidi kuliko alivyokuwa Septemba. Insha ileile ambayo Septemba ingeandikiwa “aitwe”, Desemba iliandikiwa “asubiri”.

Kwa hiyo kabla hujafikiria insha, shughulikia Casper. Mtihani huo una tarehe zake maalumu, kila chuo hutangaza tarehe ya mwisho kinayoitambua kwa msimu husika, na matokeo huchukua muda kufika vyuoni baada ya kuufanya. Ukituma fomu leo lakini Casper ikaingia mwishoni mwa Desemba, wewe ni mwombaji wa mwishoni mwa Desemba. Huenda ukakuta hata tarehe yenyewe imekwisha kupita, na hapo utakuwa umeokoa dola mia bila kuhitaji ushauri wa mtu.

Jambo la pili la kutazama ni jinsi chuo hicho kinavyowapokea watu wa nje ya jimbo. Vyuo vingi vya umma vinapata fedha kutoka serikali za majimbo na vina wajibu wa kuwapa kipaumbele wakaazi wao. Hifadhidata ya MSAR ya AAMC huonyesha kwa kila chuo waombaji wangapi walikuwa wakaazi na wangapi wa nje, na kati yao wangapi waliitwa kwenye usaili. Usiishie kwenye idadi ya waliosajiliwa. Linganisha walioomba kutoka nje na waliosailiwa kutoka nje, kwani swali lako la sasa ni la usaili.

Msimu_wa_Pili:

Mimi nilidahiliwa nikiwa mwombaji wa marudio, na mtazamo wangu unatofautiana kidogo na wa kaka hapo juu, si katika maelezo yake bali katika mahali pa kuanzia. Naona sote tunazungumza kana kwamba hasara kubwa inayoweza kutokea ni dola 100. Ada hiyo inauma, lakini hupotea mara moja na mambo yakaisha. Insha nne zilizoandikwa kwa haraka na mtu aliyechoka hubaki katika kumbukumbu za chuo, na ukiomba tena mwakani msomaji anaweza kuzifungua akazilinganisha na mpya.

Kuhusu swali lako la pili, hakuna kanuni moja inayotumika kila mahali. Baadhi ya vyuo humhesabu mtu kuwa mwombaji wa marudio pale tu alipokamilisha fomu ya pili. Vingine humhesabu tangu fomu ya awali ilipofika. Baadhi pia huweka ukomo wa idadi ya mara ambazo mtu anaruhusiwa kuomba kwao. Tafuta chuo chako kinasema nini, kwani maelezo hayo kwa kawaida huwa kwenye ukurasa wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na yakikosekana waandikie ofisi ya udahili.

Kuwa mwombaji wa marudio si aibu wala si doa. Katika msimu uliopokea wanafunzi wa mwaka 2023, walioomba vyuo vya MD walikuwa zaidi ya 52,000 na waliosajiliwa walikuwa karibu 23,000, na takriban robo ya waombaji wote walikuwa wamewahi kuomba kabla. Lakini fomu za pili za vyuo vingi zina swali la waombaji wa marudio: nini kimebadilika tangu ulipoomba mara ya mwisho? Jibu lako la mwakani kwa chuo hiki, ukikiacha sasa, litakuwa na alama 511 ambazo hawajawahi kuzipima. Ukikamilisha sasa wakakukataa, alama hizo zitakuwa si habari mpya tena, na itakubidi uwe na kitu kingine cha kuonyesha: mwaka wa kazi hospitalini, utafiti, au masomo ya ziada.

Kwa maoni yangu, achana nayo.

Zuhura_Maabara:

Nashukuru sana kwa majibu haya, ambayo yamenifanya nitafute mambo niliyopaswa kuwa nayo kabla ya kuuliza.

Tarehe ya mwisho ya Casper wanayoitambua bado haijapita. Ni wiki ya kwanza ya Desemba. Ofisi ya udahili nimeiandikia kwa barua pepe, nikauliza kwa adabu kama bado wanapanga usaili kwa majalada yanayokamilika mwezi huo. Wamejibu kwa sentensi mbili tu, kwamba usaili unaendelea hadi Februari na kwamba kila jalada lililokamilika husomwa. Sina hakika kama hilo ni jibu au ni heshima tu. Kwenye MSAR nimeona waombaji wa nje ya jimbo ni wengi kuliko wakaazi, lakini waliosailiwa kutoka nje ni sehemu ndogo mno. Pia nimekuta kwamba wao humhesabu mwombaji wa marudio kwa kigezo cha fomu ya pili iliyokamilika, kwa hiyo nikiacha sasa, kwao nitakuwa mgeni mwakani.

Hayo yote yanaelekea upande wa kuacha. Linalonizuia ni kwamba sina usaili hata mmoja, na nahisi kuacha mlango wowote katika hali hiyo ni kujinyima mwenyewe.

Mwalimu_Mshauri:

Binti yangu Zuhura, kazi yangu ya kila siku ni kuwaongoza wanafunzi wanaoomba vyuo vya udaktari, na katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo naona ni zito kuliko fomu hii unayoihangaikia.

Ulipojaza fomu ya awali mwezi Juni, je, uliandika kwamba ulikuwa unatarajia kufanya MCAT tena mwezi Septemba? Fomu ya AMCAS ina sehemu ya kutaja tarehe ya mtihani unaokusudia kuufanya, na vyuo huiona. Kama uliitaja, basi baadhi ya vyuo ambavyo wewe unadhani vilikupokea Agosti vinaweza kuwa viliweka jalada lako kando hadi alama mpya zilipofika katikati ya Oktoba. Kama hukuitaja, vingine huenda vilikusoma ukiwa na 505, vikakuweka katika fungu la wanaosubiri, na hata kama alama mpya zimeingia kwenye mfumo wao zenyewe, hakuna mtu aliyelifungua tena jalada lako. Katika hali zote mbili, ukimya unaokutisha sasa una maelezo yake, na maelezo hayo hayahusiani na chuo kimoja cha nje ya jimbo.

Kwa hiyo swali si kama fomu hii imechelewa. Una takriban wiki mbili za jioni zisizo na kazi na dola 100, na inakupasa uangalie ni wapi vitu hivyo viwili vinaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Casper inakutaka ujisajili, ulipie, ujizoeze na uketi kwa saa moja na zaidi, na matokeo yake ni ya msimu huu peke yake, hivyo mwakani utaufanya upya. Insha nne zinakutaka usome kuhusu chuo ambacho, nikikusoma vizuri, hujaeleza hata mara moja kwa nini unakitaka. Umetaja ada yake, ukomo wake na alama za wanafunzi wake. Msomaji wa kamati ataligundua pengo hilo katika aya ya kwanza ya insha ya “kwa nini chuo chetu”. Nimekwisha kuletewa insha za aina hiyo ambazo ukiondoa jina la chuo na kuweka la kingine hakuna sentensi inayoharibika, na wapo waliosahau hata kuliondoa la kile cha kwanza.

Wiki mbili hizohizo zinatosha kuviandikia vyuo vyote ulivyokwisha kukamilisha. Anza na vya jimbo lako, ambako ukaazi wako unakupa uzito. Soma kwanza sera ya kila kimoja: vipo vinavyopokea barua za taarifa mpya kupitia ukurasa wako wa mwombaji, vipo vinavyozipokea baada ya usaili tu, na vipo vinavyokataza kabisa, na hivyo vya mwisho visiguswe. Kwa vile vinavyopokea, barua isizidi nusu ukurasa. Taja alama mpya na tarehe zilipotoka, taja kazi au majukumu uliyoanza tangu Juni, kisha sentensi mbili mahususi juu ya chuo hicho. Usiombe radhi kwa alama za zamani, wala usieleze CARS. Wanaiona.

Kama bado una hamu ya kuongeza milango, kuna vyuo vya DO, shahada nyingine ya udaktari (wa osteopathia), vinavyoombwa kupitia AACOMAS, mfumo wao wa maombi. Msimu wao kwa ujumla huchelewa kuliko wa MD, na baadhi huendelea kupokea maombi hadi majira ya kuchipua. Fanya hivyo ikiwa tu ungeridhika kusoma huko. Usiombe mahali ambapo ukipewa nafasi utaikataa. Na kwa suala la fedha, kama kipato cha familia yako ni kidogo kiasi cha kukustahilisha, omba mpango wa unafuu wa ada wa AAMC kabla ya msimu ujao, kwa sababu manufaa yake hayarudi nyuma kufidia ulichokwisha kulipa. Mpango huo hufuta ada ya fomu ya awali kwa vyuo hadi 20, na vyuo vingi humsamehe mwenye nao ada ya fomu ya pili.

Kaka_wa_Wadi:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu barua za taarifa mpya, na ninakiri sikuliona suala la tarehe ya MCAT. Hata hivyo sitaki tumwache Zuhura na imani kwamba fomu ya Novemba haifai kamwe. Kama chuo hiki kingekuwa cha jimbo lake, au kama angekuwa na sababu ya kweli ya kukitaka, mfano ndugu wanaoishi pale au programu ya udaktari wa vijijini inayolingana na kazi aliyokwisha kuifanya, ningemwambia aketi usiku huu aandike. Ukaazi na sababu ya kweli vinaweza kulipandisha jalada lililochelewa. Yeye hana vyote viwili, na hapo ndipo uamuzi unapolalia.

Zuhura_Maabara:

Mwalimu, ni kweli, tarehe ya Septemba niliitaja kwenye fomu ya awali. Leo nimeingia kwenye kurasa zangu za waombaji kimoja kimoja, na katika vyuo viwili hali ya jalada langu bado inasomeka kwamba linasubiri alama za MCAT, ilhali alama zilitoka mwezi uliopita. Kimoja kati ya hivyo ni cha hapa Minnesota. Nimewapigia simu. Wameniambia alama wanaziona, ila jalada lilikuwa halijahamishwa kwenda hatua ya kusomwa, nao wamelihamisha nikiwa bado kwenye simu.

Fomu ile ya chuo cha nje ya jimbo sitaikamilisha. Swali langu la mwisho ni kama niiache tu hadi tarehe ipite, au niwaandikie rasmi kwamba najiondoa.

Msimu_wa_Pili:

Waandikie. Sentensi mbili zinatosha: kwamba unawashukuru kwa kukutumia fomu na kwamba hutaendelea na maombi katika msimu huu. Usieleze sababu. Hata ukinyamaza hawatakuadhibu, watalifunga jalada kuwa halikukamilika, lakini hiyo barua ndiyo utakayotaka waikute iwapo mwakani utarudi kwao. Tunza nakala ya maswali ya insha zao pia, kwa kuwa vyuo vingi hurudia maswali yaleyale au yanayokaribiana mwaka hadi mwaka, na ukiamua kuomba tena utakuwa na miezi kadhaa ya kuyaandikia kabla fomu haijafika.

Mwalimu_Mshauri:

Nami naongeza moja dogo. Hicho chuo cha pili ambacho ukurasa wake bado unasema kinasubiri alama, umekipigia? Umeandika kwamba ni viwili, lakini simu umeeleza moja tu.

Zuhura_Maabara:

Cha pili ofisi yao ilikuwa imefungwa kwa siku ya leo. Nitapiga kesho asubuhi mara tu watakapofungua, na barua ya taarifa mpya kwa kile cha Minnesota nimekwisha kuianza.